Kuku Ndani ya Posa

Jumatatu, 9 Septemba 1912

Jua zuri tangu saa mbili. Tumepiga picha ya tukio la posa mara mbili chini ya mapazia ya kitambaa cha marekani yanayopunguza jua. Mimi binti wa jaji, Bwana Ormsby mkulima jirani. Mara zote mbili amenipigia goti, akanishika mkono, akanitazama kwa macho yale yanayowaliza wanawake kuanzia hapa Edendale mpaka Boston, kisha akasema:

"Yule kuku mweupe hatagi tena, Leota. Nadhani ni minyoo."

Nami nikafumba macho kwa furaha, nikamjibu ampe kitunguu saumu.

Ndivyo tunavyofanya siku zote. Picha haina sauti, mtu anasema lolote linalomjia ili mdomo uende. Mzee Zahn anazungusha mpini wa kamera na kuhesabu mizunguko yake, hasikilizi neno. Bwana Tuttle, mwongozaji wetu, kapiga kelele kwenye koni yake ya kupazia sauti kwamba hivyo hivyo, mapenzi yanaonekana. Yameonekana kweli. Ormsby anawapenda wale kuku kuliko binadamu yeyote.

Hadithi ni yangu. Ya ishirini na tatu sasa. Nimeandika ishirini na tatu, nimeigiza sijui ngapi, nimekufa mara kumi na moja. Kuongoza — hata moja! Basi leo baada ya chakula nimepiga moyo konde, nikaenda kwa Bwana Haverkamp meneja wa kampuni na kumwambia nataka kuongoza. Hakucheka. Amesema Oktoba anaanzisha kikundi cha pili, picha za mkanda mmoja, futi elfu, na wakubwa wetu wa New York wakikubali, picha ya kwanza nitapewa mimi.

Wakikubali. Nimelibeba neno hilo mpaka nyumbani, na viatu vyenyewe vilikuwa vinaruka.

Jumapili, 15 Septemba

Kaka Orrin amekuja kula. Amekuja na viazi na siagi, kama nilivyomwagiza.

Nilivyomwagiza! Niandike hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Kuna picha ya mwezi uliopita ambamo nakufa kitandani. Nainua mkono kuelekea mbinguni, midomo inatetemeka, nawaaga wanangu. Maneno yenyewe niliyosema ni haya: "Orrin, Jumapili ijayo leta viazi, na usisahau siagi." Orrin ni kiziwi tangu homa ilipompata akiwa na miaka minne. Anasoma midomo kama mimi ninavyosoma gazeti, tena gazeti lenyewe analipanga yeye, herufi kwa herufi, kule kiwanda cha uchapaji. Mchezo huu tumeucheza mwaka wa pili sasa. Yeye na rafiki zake viziwi wanakwenda sinema Ijumaa, ukumbi mzima unafuta machozi, wao safu nzima wanavunjika mbavu.

Leo amenisimulia kwa mikono mpaka nimepaliwa na chai. Halafu akaweka uma chini. Akasema, kwa mikono, polepole: "Ila siku moja, mdogo wangu, ningependa kulia pamoja na watu wengine."

Nilimwambia nitakapokuwa mwongozaji. Akauliza nitafanya nini nitakapokuwa mwongozaji. Nimemwongezea viazi.

Jumatano, 18 Septemba

Balaa.

Haverkamp ametuita wote jukwaani saa tatu. Ana barua. Imetoka kwa mwalimu wa shule ya viziwi huko mashariki, na nakala imekwenda New York. Mama huyo anaandika kwa adabu nzuri sana — ndiyo inayoumiza. Anasema wanafunzi wake wanapenda picha zetu kuliko za kampuni yoyote, ila wana maswali. Kwa nini shujaa anayezama ziwani analalamika kwamba buti zinambana? Kwa nini kasisi, huku ameinua Biblia, anatukana matusi ambayo yeye mwalimu hawezi kuyaandika?

Tulicheka. Kila mtu alicheka mpaka lilipofikiwa lake, hapo akanyamaza. Likafika hili: wanafunzi wanaomba kujua Orrin ni nani, na kama alileta viazi.

Watu wote wakanigeukia. Bwana Tuttle akasema huyo lazima awe mchumba. Wengine wakaguna.

Ningeweza kunyamaza. Haki ya Mungu ningeweza, nikasema ni jina tu lililonijia. Lakini nilimfikiria Orrin, na nikaona aibu ya kumkana kaka yangu ni kubwa kuliko aibu ya viazi.

"Ni kaka yangu," nikasema. "Ni kiziwi. Nilijua viziwi wanaona tunachosema."

Nilijua — hapo ndipo kosa lilipo. Wenzangu walidhani hakuna anayeona. Mimi nilijua miaka miwili na nikaligeuza utani wa nyumbani. Tuttle alivuta kiko chake, akasema, wala hakupaza sauti, "Na huyu ndiye anayeitaka koni yangu."

New York wanataka jambo hili likome, na wanataka Haverkamp achague mmoja wa kufukuza. Nilibaki nyuma watu walipotawanyika. Nikamwambia tuna picha tano ambazo hazijasafirishwa. Orrin anaweza kuzisoma zote kabla hazijaondoka. Kichwa kilikuwa kinamuuma Haverkamp, anakikanda. Akasema mlete Ijumaa.

Hakusema lolote kuhusu Oktoba, nami sikuthubutu kuuliza. Nimelia kidogo. Nimekunywa maziwa. Nalala.

Ijumaa, 20 Septemba

Blanketi dirishani, shuka ukutani, Mzee Zahn kwenye mashine ya kuonyeshea picha. Orrin amekuja moja kwa moja kutoka kazini, vidole vyeusi kwa wino. Nikasimama pembeni ya shuka: yeye anasoma midomo na kusema kwa mikono, mimi nayatoa maneno kwa sauti.

Sijawahi kuona watu wazima wakitamani ardhi ipasuke namna ile. Askari jasiri anauliza chakula cha mchana ni nini. Mjane kaburini anamwambia mwenzake kwamba Bwana Tuttle ana masharubu ya panya. Tuttle alikohoa. Nilijaribu kuruka hilo, lakini Orrin akanigonga begani: sema yote!

Mwisho ikaja posa yetu. Orrin akaisoma mpaka mwisho, akawasha taa, akamgeukia Ormsby na kumuuliza kama alimpa kuku kitunguu saumu. Ormsby aliiva uso kama nyanya. Lakini alijibu, polepole, ili mdomo wake usomeke. Alimpa, hakikusaidia. Orrin akasema baba yetu alikuwa anatumia mbegu za maboga. Wakaendelea hivyo robo saa nzima, koo langu likakauka kwa kutafsiri, na Haverkamp akawaacha waendelee, sijui kwa nini. Nadhani alikuwa anamtazama Orrin.

Picha nne zinaweza kuokolewa kwa kukata hapa na pale. Posa haikatiki, ndiyo roho ya hadithi. Lazima irudiwe, na safari hii watu waseme yanayohusika. Hapo Tuttle alisimama. Yeye aandike maneno ya picha isiyosema? Miaka mitano anatengeneza picha, watu wanalia panapostahili, wanalipa, wanakwenda nyumbani. "Anayetaka irudiwe," akasema, "airudie mwenyewe." Akatoka na kofia yake.

Haverkamp akanigeukia. Alisema nina siku moja, Jumanne. Nikiweza, atawaandikia New York kwamba tumejirekebisha, na habari ya Oktoba itakuwa hai. Nisipoweza, picha inatupwa, nami narudi kufia kitandani kama kawaida, kama bado nina kazi.

Nitaongoza! Tukio moja. Dakika mbili. Lakini nitaongoza!

Jumanne, 24 Septemba

Nimeshindwa.

Niliandika maneno mazuri. Usiku wote wa Jumapili niliyapiga msasa. "Tangu siku ile nilipokuona kwenye mlango wa kanisa, moyo wangu haujajua kutulia." Ormsby aliyahifadhi kama mtoto wa shule. Akapiga goti, akanishika mkono — na akawa nguzo ya uzio. Macho juu anatafuta mstari unaofuata. Kidole gumba chake kinanifinya kila anapofika kwenye nukta.

Mara saba. Nilimbembeleza. Nilimwambia afikirie mtu anayempenda. Nilimwambia avute pumzi. Mara ya saba alisema yote bila kukosea, na ilikuwa mbaya kuliko zote. Midomo kweli tupu, uso uongo mtupu.

Tuttle alipita akila chungwa. Akasimama, akatazama, akaondoka. Ningependelea angenicheka.

Saa kumi jua likaenda. Mzee Zahn akafungua kamera na kuniambia mkanda uliobaki unatosha kujaribu mara moja, mbili hazifiki. Nikaenda kwa Haverkamp kuomba siku nyingine. Kesho jukwaa ni la Tuttle. Nimepewa Alhamisi, saa tatu mpaka saa tano, na uso wa Haverkamp ulikuwa umechoka kunionea huruma.

Jumatano, 25 Septemba

Nilikwenda kwa Ormsby kufanya mazoezi. Anaishi juu kilimani, kibanda na ua. Sikubisha hodi kwa sababu nilimwona kupitia uzio. Amechuchumaa na yule kuku mweupe mapajani, anampapasa shingo, anamwambia maneno. Sikuyasikia. Ule uso! Ndio uso nilioutafuta mara saba jana.

Aliponiona alishtuka, akataka kumficha kuku. Nikakaa naye chini kwenye makapi. Nikamuuliza jana kulikuwa na nini. Ormsby si mtu wa maneno, watu wanadhani ni wa maneno kwa sababu ana sura ile.

"Dada Leota," akasema, "yale maneno yako ni ya mtu asiyeogopa. Mimi nikiogopa naongea kuku."

Nikamwomba aseme tena. Akasema tena. Nikainuka, nikampiga busu kwenye upara, nikashuka kilima mbio, kofia nimeiacha kwake.

Jinga kubwa mimi! Mkulima anampenda binti wa jaji. Anapiga goti. Anaogopa. Atasema nini? Mambo ya mlango wa kanisa? Jawabu lilikuwa mbele ya pua yangu tangu siku ya kwanza, nami nilikuwa nalijibu kwa kitunguu saumu. Siandiki maneno mapya. Nabadilisha kadi mbili za maandishi zinazotokea katikati ya picha, basi.

Alhamisi, 26 Septemba

Imekwisha kabla ya saa nne. Mara moja tu. 

Nilimwambia Ormsby asahau kila kitu cha Jumanne. Anipigie goti na anieleze habari za kuku wake, kweli kweli, hali yake leo. Mimi nitamjibu. Nikamwambia Mzee Zahn azungushe na asisimame mpaka niinue mkono wa kushoto. Nikaingia ndani ya mstari wa chaki unaoonyesha mpaka wa kamera, nikawa binti wa jaji.

Akapiga goti. Akasema yule kuku mweupe hatagi tena. Akasema amelala naye jikoni siku mbili. Nikaona jicho lake limejaa machozi.

"Nitakuja kumwona," nikasema.

"Lini?"

"Kila siku," nikasema, "ukitaka."

Haikuwa kwenye karatasi, hiyo "ukitaka". Ilinitoka, nami nitaiongeza kwenye kadi. Ormsby alinitazama kana kwamba mtu amemfungulia dirisha, akainamisha kichwa kwenye mkono wangu, nami nikasahau. Nikasahau kabisa kuinua mkono wa kushoto! Mzee Zahn aliendelea kuzungusha mpaka mkanda ukaisha ndani ya kamera, ukasikika ukipigapiga. Nikamwomba radhi. Akasema hapana, na yeye alikuwa amepoteza hesabu. Mzee Zahn! Amepoteza hesabu!

Jumamosi, 28 Septemba

Haverkamp ameionyesha leo alasiri kwenye ukumbi wa Main Street, nakala ya kwanza, aone watu watasemaje kabla ya kuisafirisha. Orrin amekuja na wenzake kumi na mmoja wa chama cha viziwi. Wamejaza safu ya nne. Mimi nilikaa nyuma yao na Haverkamp. Tuttle alisimama mlangoni, hakuvua kofia.

Posa. Ormsby akafungua mdomo. Safu ya nne ikacheka, kicheko kizito cha watu wasiojisikia wenyewe. Moyo wangu ukashuka mpaka kwenye viatu. Ndipo kadi ikatokea: "Yule kuku mweupe hatagi tena." Na ukumbi mzima ukacheka kicheko kile kile. Haverkamp akanigeukia, akauliza kwa nini wale mbele wamecheka kabla ya kadi. Nikamwambia hao wamesikia kwanza, sisi tumechelewa.

Kisha kadi ya pili: "Kila siku, ukitaka." Hakuna aliyecheka. Orrin alilia. Analia kwa sauti kubwa, hajui, hajisikii tangu utotoni. Watu waligeuka, na mama mmoja pembeni yake, simjui, akampa leso. Orrin akaipokea na kuendelea kulia, na mama naye akaendelea.

Siwezi kuandika zaidi leo. Nina furaha. Nina furaha!

Jumatatu, 30 Septemba

Kopo la picha limeondoka na treni ya asubuhi. Nilikuwepo Haverkamp alipokuwa anajaza fomu ya kubandika kwenye kopo. Mtunzi: L. Grinstead, yaani mimi. Mwongozaji: B. Tuttle.

Aliiona sura yangu. Akasema ndiyo desturi, binti. Aliyeianza picha ndiye ambaye jina lake linakwenda, hata akimaliziwa na mwingine. Hana nia mbaya. Huo ndio utaratibu wa kila kampuni. Akaongeza kwamba New York wakiipenda, ataona la kufanya.

Nilisema sawa. Sawa! Mimi niliyesimama mbele ya watu thelathini nikasema "ni kaka yangu", nimeshindwa kusema "hilo tukio ni langu". Nimemweleza Orrin. Amenijibu kwa ishara moja tu, ile ya mtu anayefunga mdomo wake mwenyewe kwa gundi. Nimemkasirikia mpaka chai, kisha nikajikasirikia mimi.

Jumatano, 2 Oktoba

Hakuna simu ya maandishi kutoka New York. Nimekufa tena leo, kwa kisu. Nimesema maneno ya kufa. Mhuni aliyenichoma ameuliza pembeni yeye aseme nini, nikamwambia amwombe Mungu msamaha. Akasema vizuri mno, hata Tuttle aligeuza shingo.

Nimekwenda kwa Haverkamp jioni na kumwambia: posa niliongoza mimi, na nataka lijulikane. Nimelisema! Ameitikia kwa kichwa. Amesema hawezi kuandika tofauti na fomu bila Tuttle mwenyewe kukubali. Tuttle hajaniambia neno tangu siku ya chungwa.

Jumatatu, 7 Oktoba

Simu ya maandishi imefika. Mzee Zahn ameiona mezani, akaja kunisomea kwa kichwa: posa ya kuku imewapendeza, nani aliyeiongoza, mjibu leo, kikundi cha pili apewe huyo.

Apewe huyo. Fomu inasema Tuttle.

Haverkamp amemwita Tuttle ofisini. Si mimi. Upepo mkavu umevuma tangu alfajiri, mlango wamefunga, dirisha wamefunga. Nimekaa kwenye ngazi za chumba cha mavazi, hatua kumi na tano kutoka kwenye kioo cha dirisha la ofisi, nimevaa nguo za harusi za tukio la saa nne, daftari gotini. Nikiandika, siendi kuugonga ule mlango.

Haverkamp amenipa mgongo. Tuttle ananielekea. Ameketi, kiko mdomoni, simu mkononi. Anaisoma. Anaisoma tena. Ana haki ya kusema "mimi", na hakuna karatasi itakayombishia. Angekuwa na vikundi viwili.

Sisomi midomo kama Orrin. Orrin anasoma kitabu kizima, mimi nasoma vichwa vya habari tu, na masharubu yale ni adui wa viziwi wote duniani. Haverkamp anauliza kitu; mabega yake yamepanda. Tuttle ametoa kiko. Ameangalia nje. Ameniona. Hakugeuza macho, nami sikugeuza.

Sasa amemrudia Haverkamp. Anafungua mdomo. Neno la kwanza ni jina langu. Hilo nalijua kwenye mdomo wowote, hata chini ya masharubu. La pili sikuliona — Haverkamp kainuka kuchukua kalamu aandike jibu, na mgongo wake umelijaza dirisha lote.